Kupe Mdogo Kama Mbegu ya Mchicha: Ugonjwa wa Lyme na Bustani za Mjini

Kila ikifika Juni, jua likishakolea, sisi Waswahili tulioko New York tunatafuta bustani yenye sehemu ya kuchomea nyama. Tunabeba mkaa, sufuria la pilau na mikeka, tunahamia huko kutwa nzima. Mwaka juzi tulienda Staten Island. Watoto walicheza mpira, ukaingia vichakani, wakaufuata. Wakubwa tukajinyoosha chini ya miti tukipiga soga. Ilikuwa siku nzuri mno.

Wiki saba baadaye dada mmoja tuliyekuwa naye aliamka asubuhi, akaanza kupiga mswaki, akashangaa maji yanamtoka upande wa kushoto wa mdomo. Akajitazama kwenye kioo: jicho la kushoto halifungi, shavu limelegea. Akajua ni kiharusi. Mama yake, kwa simu kutoka Tanga, akasema kapigwa na upepo. Kumbe si kiharusi wala si upepo. Hospitalini walimpima damu wakamwambia ana ugonjwa wa Lyme, umeshafika kwenye mishipa ya fahamu ya uso. Wakamuuliza: "Hukuona baka jekundu mwilini?" Aliliona. Lilikuwa nyuma ya paja, ila halikuwa jekundu, lilikuwa kama alama ya kujigonga. Na alilionyesha kwenye kliniki moja, akapewa krimu ya fangasi.

Mimi nasoma biolojia. Kupe nawajua vizuri tu kwenye karatasi, lakini siku ile ya nyama choma sikumwambia mtu yeyote ajikague akifika nyumbani. Dada yetu alipona, tunashukuru. Hata hivyo makala hii nilitakiwa niiandike kabla ya mkeka ule, siyo baada yake.

Kupe yupi tunayemzungumzia?

Kwanza tuelewane: kupe si mdudu hasa. Ni jamaa wa buibui na nge, na akikua ana miguu minane. Sisi tuliokulia na ng'ombe au mbwa tumezoea kupe anayeonekana waziwazi, yule ambaye akishiba damu anavimba kama mbegu ya mbarika. Ndiyo maana mtu anakwambia kwa kujiamini, "Mimi kupe nikiumwa naye nitamwona."

Huyu humwoni kirahisi. Mashariki mwa Marekani anayeeneza Lyme anaitwa Ixodes scapularis, wengi humwita kupe wa kulungu. Ulaya yupo nduguye, Ixodes ricinus, na huyo hakai porini tu: ameshakutwa hata Richmond Park, bustani kubwa ya London, akiwa na vimelea vya Lyme. Anayewapa watu ugonjwa mara nyingi ni kupe mchanga, hatua ambayo tunaiita tunutu. Ukubwa wake ni kama mbegu ya mchicha. Chukua mbegu moja ya mchicha, iweke nyuma ya goti lako, halafu jaribu kuiona. Sasa fikiria kwamba mbegu hiyo inatema mate yenye kitu cha kutia ganzi, kwa hiyo husikii hata inapokutoboa.

Na si ugonjwa wa watu wachache. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba kila mwaka watu kama 476,000 nchini humo hugunduliwa na kutibiwa Lyme.

Milo mitatu ndani ya miaka miwili

Ili uelewe kinga, lazima uelewe maisha ya kupe. Bahati nzuri ni maisha rahisi: kwa kawaida ni miaka miwili hivi, na milo mitatu tu ya damu.

Mlo wa kwanza ni wa lava, yule aliyetoka kwenye yai. Ana miguu sita na hana Lyme kabisa, maana mama yake hamrithishi. Lava anamshika mnyama wa kwanza anayepita karibu na ardhi, na mara nyingi mnyama huyo ni panya wa miguu myeupe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Panya huyu anaweza kukaa na bakteria wa Lyme kwenye damu na ngozi yake bila kuumwa chochote. Yeye ndiye ghala. Lava akinyonya, anaondoka na bakteria.

Anajibadilisha kuwa tunutu, analala majira ya baridi chini ya majani makavu, na mwaka unaofuata, kuanzia Mei hadi Julai, anatoka kutafuta mlo wa pili. Panya mwingine, ndege, au wewe uliyelala kwenye mkeka.

Mlo wa tatu ni wa kupe mkubwa, hasa msimu wa majani kupukutika. Jike anamtafuta mnyama mkubwa, na kulungu ndiye anayempenda. Anashiba, anaanguka chini, anataga mayai yanayofika elfu na zaidi, kisha anakufa.

Watu wengi wanadhani kulungu ndiye anayetoa ugonjwa. Siyo. Kupe hapati Lyme kwa kunyonya kulungu. Kazi ya kulungu ni kuwa ukumbi wa harusi: kupe wakubwa wanakutana juu yake, wanakula, wanaongezeka. Panya anatoa bakteria, kulungu anatoa kupe. Ukiwa na panya peke yao, au kulungu peke yao, Lyme haisimami vizuri. Wakikutana wote wawili, ndo shida inaanza.

Jambo lingine: kupe haruki wala hapai, na haanguki kutoka juu ya mti kama wengi wanavyoamini. Anapanda juu ya jani au ukoka, anajishikiza kwa miguu ya nyuma, ya mbele anainyoosha hewani. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo kinachonusa pumzi yetu na joto la mwili. Ukipita ukagusa jani, umeshampakia. Kisha anatambaa kwenda juu, akitafuta pahali penye joto na ngozi laini.

Kwa nini bustani za mjini?

Hapa ndipo penye jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Ungetegemea kwamba mjini kuna usalama. Central Park, katikati ya Manhattan, kwa kweli kupe huyu ni nadra. Lakini vuka kwa feri hadi Staten Island, mji ule ule, na unakuta bustani zenye kupe kibao. Tofauti ni nini?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walilifuatilia swali hili kwa kuburuta kitambaa cheupe juu ya majani katika bustani mbalimbali za New York na kuhesabu kupe waliong'ang'ania. Walichokiona ni kwamba bustani zilizoungana na misitu mingine, ambako mnyama anaweza kutoka moja kwenda nyingine bila kuvuka zege nyingi, ndizo zilizokuwa na kupe wengi zaidi. Bustani iliyozungukwa na majengo pande zote ni kisiwa: panya wapo, ila kulungu hafiki, na bila kulungu kupe hawezi kuzaliana vya kutosha.

Staten Island kulungu wamefika, inaaminika kwa kuogelea kutoka New Jersey, na wameongezeka kiasi kwamba mwaka 2016 jiji lilianza kuwafunga uzazi madume kwa upasuaji. Yaani kulungu kufanyiwa vasektomi! Unaweza kucheka, lakini ukishaelewa ule mlo wa tatu, unaona mantiki yake.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu bustani ya karibu na kwako si "ni kubwa kiasi gani?" Jiulize: je, kulungu anaweza kufika hapa? Na ndani ya bustani hiyo hiyo, hatari haiko sawa kila mahali. Kupe hukauka upesi juani, hivyo nyasi fupi zilizokatwa, zinazopigwa jua, si makazi yake. Anapenda kivuli, unyevu, na majani makavu yaliyorundikana. Anakaa pale nyasi zinapokutana na miti. Pale pale tulipotandika mkeka.

Lyme na papasi ni ukoo mmoja

Ugonjwa huu umepata jina lake kutoka mji wa Lyme, jimbo la Connecticut. Mwaka 1975 akina mama wawili wa eneo hilo, Polly Murray na Judith Mensch, walipiga kelele kwamba watoto wengi mno wanavimba magoti. Daktari Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale akafuatilia, akakuta wagonjwa 51, na kati yao 39 walikuwa watoto. Kupe alishukiwa, lakini kilichokuwa ndani ya kupe hakikujulikana.

Aliyekiona ni Willy Burgdorfer, mwaka 1981, katika maabara huko Montana. Alikuwa akipasua kupe waliotoka Shelter Island, New York, akitafuta kitu kingine kabisa. Ndani ya utumbo wao akaona bakteria wembamba waliojisokota kama springi. Mtu mwingine angeweza kuwapita. Burgdorfer hakuwapita, kwa sababu alishawahi kuwaona ndugu zao. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa mjini Basel, Uswisi, utafiti wake ulihusu papasi wa Afrika.

Papasi! Yule yule anayejificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, anayetoka usiku na kumpa mtu homa inayokuja na kuondoka. Bakteria wa homa ya papasi ni Borrelia duttonii, jina la kumkumbuka Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza homa hiyo Kongo, ikampata yeye mwenyewe, akafia huko mwaka 1905. Bakteria wa Lyme akaitwa Borrelia burgdorferi. Jina la kwanza ni moja, maana ukoo ni mmoja. Msimamizi wa Burgdorfer kule Basel, Rudolf Geigy, ndiye aliyekuja kuanzisha maabara ya Ifakara mwaka 1957, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo ukisikia Lyme ni ugonjwa wa Wazungu, kumbuka kwamba ujuzi uliomtambulisha kimelea wake ulipitia kwa papasi wetu.

Saa 24 za mwanzo ni zako

Ndugu hawa wawili wana tabia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo nafasi yako ya kujiokoa.

Papasi ni mwizi wa haraka. Ananyonya kwa dakika chache, anaondoka. Bakteria wake wanakuwa wameshajipanga tayari kwenye tezi za mate, kwa hiyo maambukizi yanaweza kutokea papo hapo. Kupe wa Lyme ni mgeni wa kukaa: anajigandisha na kunyonya siku tatu, nne, hata zaidi. Bakteria wake hawako kwenye mate. Wamelala kwenye utumbo, wameshikilia ukuta kwa protini maalumu. Damu yenye joto ikianza kuingia ndipo wanaamka, wanabadilisha protini za juu ya miili yao, wanaongezeka, na kuanza safari ya kwenda kwenye tezi za mate. Safari hiyo inachukua muda. Ndiyo maana kupe aliyetolewa kabla ya saa 24 mara nyingi hajafikisha Lyme. Kadiri masaa yanavyopita, hasa kuanzia 36 hadi 48, hatari inapanda.

Kwa lugha nyepesi: kuumwa na kupe na kupata Lyme ni vitu viwili. Kati yake kuna dirisha la siku moja hivi, na ukijikagua jioni umelitumia.

Baka kwenye ngozi yetu

Dalili ya kwanza ya Lyme kwa wengi, kama asilimia 70 hadi 80, ni baka linalotokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, na kutanuka polepole. Vitabu vinaonyesha duara jekundu lenye kitovu, kama shabaha ya kulengea. Tatizo ni kwamba picha nyingi zimepigwa kwenye ngozi nyeupe.

Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, baka linaweza kuwa la kahawia iliyokolea, la zambarau, au kufanana na mvilio wa damu. Mara nyingi halina hata ile duara ya vitabuni. Marekani imeonekana kwamba wagonjwa weusi hugunduliwa zaidi wakiwa ugonjwa umeshasambaa, kwenye viungo au mishipa ya fahamu. Dada yetu ni mmoja wao.

Kwa hiyo usitafute wekundu. Tafuta baka linalotanuka. Chora mpaka wake kwa kalamu, piga picha, angalia tena kesho na keshokutwa. Kwa kawaida haliwashi sana wala haliumi. Sikilizia pia homa, uchovu, kichwa na maumivu ya mwili wakati wa kiangazi, maana mafua ya Julai yanatia shaka. Usipotibiwa, wiki au miezi baadaye unaweza kupata uso kupooza, mapigo ya moyo kwenda mrama, au goti kuvimba.

Ukienda kwa daktari, mwambie mwenyewe: "Nilikuwa kwenye bustani yenye kupe, tarehe fulani." Usingoje uulizwe. Na ujue kwamba kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, ambazo mwili huzitengeneza baada ya wiki kadhaa. Ukipima mapema mno, jibu linaweza kuwa "huna" wakati unao. Mwenye baka la wazi hutibiwa bila kungoja kipimo. Dawa ni antibaiotiki za kawaida, kama doksisaiklini au amoksilini, siku 10 hadi 14 kwa walio hatua ya mwanzo, na wengi hupona kabisa.

Kujikinga, kuanzia mlangoni

*Kabla ya kutoka.* Vaa suruali ndefu na uchomeke miguu yake ndani ya soksi. Ndiyo, utaonekana kituko, lakini kupe anapanda kutoka chini na hapo umemfungia mlango. Nguo za rangi nyeupe au nyepesi zinakusaidia kumwona. Viatu na nguo unaweza kuvipulizia permethrini ya asilimia 0.5. Dawa hii ni ya jamii ile ile iliyo kwenye vyandarua, na iliundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yale yanayolimwa nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Inapakwa kwenye nguo tu, siyo kwenye ngozi, na iache ikauke mbali na paka, maana kwa paka ni sumu. Kwenye ngozi tumia dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET au pikaridini, ukifuata maelezo ya kopo.

*Ukiwa bustanini.* Tembea katikati ya njia. Tandika mkeka kwenye nyasi fupi zinazopata jua, mbali na ukingo wa miti. Mpira ukiingia kichakani, mtu mzima mwenye soksi ndefu ndiye aufuate.

*Ukirudi.* Nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu, dakika 10, kabla ya kufuliwa. Kupe anaweza kustahimili maji, ila ukavu wenye joto unamuua. Oga ndani ya saa 2. Kisha jikague, na mkague mtoto: nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kitovuni, kiunoni, kati ya mapaja, nyuma ya magoti. Tumia vidole, siyo macho tu. Nywele zikiwa zimesukwa, pitisha vidole mstari kwa mstari.

Umemkuta. Ufanyeje?

1. Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale alipojichomeka, siyo tumboni.
2. Mvute kwenda juu, moja kwa moja, polepole bila kumsokota. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi, kiache, ngozi itakitoa yenyewe.
3. Osha kwa sabuni na maji au spiriti. Mtie kupe kwenye kimfuko au umbandike kwa selotepu, uandike tarehe.
4. Kama unadhani amekaa zaidi ya saa 36, na uko eneo lenye Lyme, wasiliana na daktari ndani ya saa 72. Anaweza kukupa dozi moja tu ya doksisaiklini kama kinga.

Mafuta ya taa, moto wa kiberiti, vaselini: achana navyo. Najua nyumbani tulimpaka kupe wa mbwa mafuta ya taa, lakini kungoja kupe ajiachie mwenyewe ni kumwongezea muda, na muda ndio unaoutaka wewe.

Na nyumbani Afrika Mashariki?

Kupe wa Lyme niliowataja si wakazi wa kwetu, kwa hiyo ukiumwa na kupe wa ng'ombe Morogoro usikimbilie kudai una Lyme. Lakini kupe wetu nao wana yao: ndigana kali kwa ng'ombe, homa ya kupe wa Afrika kwa wachungaji na watalii, na homa ya papasi. Tabia ya kujikagua jioni haina hasara popote.

Mwaka huu tulirudi Staten Island, bustani ile ile. Mkeka ulitandikwa katikati ya uwanja, juani, na turubai likafungwa juu yake. Watoto walivaa soksi hadi magotini, wakalalamika. Jioni kwenye kikundi chetu cha WhatsApp ujumbe wa kwanza haukuwa picha za nyama, ulikuwa wa dada yetu: "Jamani, mmeshajikagua?" Nyumba moja ikajibu kwamba wamemkuta mmoja, nyuma ya sikio la mtoto, bado mwembamba, hajashiba. Walishamtoa.